Kabla ya Kumnakili Mbwa wa Suguti

Mwanzoni mwa mwaka 1994, watalii waliokuwa juu ya puto Serengeti walimwona simba dume chini yao akianguka, akikakamaa na kutupa miguu kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Wiki zilizofuata wakaonekana wengine: huyu kichwa kinamtikisika bila kukoma, yule anayumba kama mlevi, mwingine keshafia kichakani. Wimbi lilipotulia, simba wapatao 1,000 kati ya takriban 3,000 wa Serengeti walikuwa wamekufa au hawaonekani tena, na ugonjwa ulikuwa umeshavuka mpaka hadi Masai Mara, Kenya. Sijui jangili gani angeweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi namna ile.

Melody Roelke-Parker, aliyekuwa daktari mkuu wa wanyama wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), pamoja na wenzake wa ndani na nje ya nchi, walipeleka sampuli maabara, na mwaka 1996 wakachapisha jina la mhalifu: kirusi cha distempa. Kwa kawaida hicho ni kirusi cha mbwa. Wakati huo mbwa wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi walikadiriwa kufika 30,000, karibu wote hawajawahi kuona sindano. Simba hatembelei vijijini kusalimiana na mbwa, lakini fisi hutembea. Usiku yuko jalalani kwetu, alfajiri yuko porini anagombania mzoga na simba, na ndiye anayeshukiwa zaidi kuupeleka ugonjwa. Mwaka 2008 watafiti wengine waliongeza sura ya pili ya habari hii. Ukame wa mwaka 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba waliowala wakapata vimelea vya kupe kwa wingi, na distempa ikawakuta damu yao imekwisha kuchafuka.

Nimeanza na simba ilhali ninachotaka kuzungumzia ni mbwa, tena mbwa wa huku kwetu. Suguti ni kata ya Musoma Vijijini, ni mto unaomwaga maji Ziwa Victoria, na wanaisimu wameliazima jina hilo kuzitaja kwa pamoja lugha za Wajita, Waruri, Wakwaya na ndugu zao, waliotapakaa Musoma, Bunda na Butiama. Ukitoka ufukweni ukashika njia ya Bunda, unafika mahali ambapo barabara ya Mwanza inapita mlangoni mwa Serengeti, pale Ndabaka. Mbwa wa Mjita na simba wa Serengeti ni majirani, na ujirani huo una gharama yake.

Simba wala hawakuwa wa kwanza kuilipa. Mbwa mwitu, wale wenye mabaka meusi, ya manjano na meupe na masikio ya mviringo kama sahani, walikuwa wameshatoweka Serengeti mwaka 1991. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwao mwaka 1990. Wapo watafiti walioshikilia kwamba wenzao ndio waliowadhoofisha wanyama hao kwa kuwapiga sindano za usingizi na kuwavika kola za redio, na ubishi huo uliendelea miaka mingi, tena kwa maneno makali. Lisilobishaniwa ni kwamba kichaa kilikuwa kimewafikia, na kwamba mbwa wa kufugwa kandokando ya hifadhi walikuwa nacho.

Walirudi mwaka 2012. Walikamatwa Loliondo, walikokuwa wakila mbuzi wa watu na kuchukiwa kwa haki kabisa, wakawekwa kwanza bomani, kisha wakafunguliwa ndani ya hifadhi Rais Jakaya Kikwete akishuhudia. Hapakuhitajika maabara ya kuwaumba upya, kwa kuwa upande wa pili wa mpaka wa hifadhi walikuwapo mbwa mwitu wengine, wazima, wanaozaana wenyewe. Likumbuke jambo hilo tunapoingia kwenye habari ya kunakili.

Hoja ya kunakili mbwa adimu inavutia, nakiri. Inasema hivi: mbwa wa asili wanapungua, wanachanganyika na mbwa wa kizungu, wanakufa kwa maradhi. Basi tuchukue seli za wachache walio safi, tuzigandishe, na siku wakiisha tutengeneze wengine kama wale. Msikilizaji anapumua. Tatizo limehamishiwa kwenye jokofu.

Hebu tuione kazi yenyewe inavyofanyika. Unakata kipande kidogo cha ngozi ya mbwa unayemtaka, mara nyingi sikioni. Unachukua yai la jike mwingine, unaling'oa kiini chake, unaweka seli ya ngozi mahali pa kiini, unalishtua kwa umeme kidogo lianze kugawanyika, halafu unalipandikiza kwa jike wa tatu abebe mimba ya siku 60 na ushee. Kondoo Dolly alizaliwa kwa njia hiyo Scotland mnamo Julai 1996. Lakini mbwa ni mkaidi kuliko kondoo. Jike huingia kwenye joto mara moja au mbili tu kwa mwaka, na yai lake hutoka likiwa bichi, likaivia njiani, ndani ya mrija, kwa siku mbili tatu. Ukiliwahi, halifai. Ukichelewa, limekupita.

Ndiyo maana mbwa wa kwanza kunakiliwa alikuja miaka tisa baada ya Dolly. Aliitwa Snuppy, alizaliwa Aprili 24, 2005 katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, Korea Kusini. Kumpata, wataalamu walipandikiza viinitete 1,095 katika majike 123. Mimba zilizoshika zilikuwa tatu. Moja iliharibika, watoto wawili wakazaliwa, mmoja akafa kwa nimonia akiwa na siku 22. Akabaki Snuppy. Miezi michache baadaye kiongozi wa maabara hiyo, Hwang Woo-suk, aliumbuka kwa kughushi matokeo ya utafiti wake mwingine wa seli za binadamu, ingawa Snuppy alipopimwa na watu wa nje alionekana ni nakala halisi. Tangu hapo ufundi umeboreka, na leo kuna kampuni ya Marekani inayokunakilia mbwa wako kwa takriban dola 50,000. Wateja wake wengi ni watu walioondokewa na kipenzi cha nyumbani na wana fedha za kutosha kukataa kuaga.

Majike 123. Hilo nalirudia kwa sababu katika mazungumzo ya kuokoa mbwa adimu halitajwi. Kila nakala ina majike nyuma yake, waliofanyiwa upasuaji kutolewa mayai na waliopasuliwa tena kupandikizwa. Ukiwa na mbwa adimu kweli, majike hao lazima uwatoe katika mbwa wa aina nyingine, na yai la jike huyo linakuja na urithi wake kidogo ulio nje ya kiini. Nakala, kwa kipimo cha ukali, haijakamilika kuwa nakala.

Sasa tumtazame huyo tunayetaka kumnakili. Mbwa wa Suguti ana manyoya mafupi ya rangi ya udongo, au meupe yenye mabaka, mkia umepinda kwa juu, miguu mirefu, mbavu zinahesabika. Anaitwa Simba, au Bobi, au hana jina kabisa. Mchana amelala kwenye jivu la jana. Mahindi yakianza kubeba anakesha shambani, na ngedere wanamfahamu kwa sauti. Anafuatana na watoto wanaochunga mbuzi, anakunywa maji ziwani akiwa ametega masikio, maana mamba wa ziwani hawabagui. Mwaloni anajua saa ya mitumbwi ya dagaa kuingia pengine kuliko mwenye mtumbwi. Dagaa wakianikwa mchangani, yeye ni mlinzi dhidi ya kunguru, na ni mwizi pia. Kazi hizo mbili hazigongani moyoni mwake. Hakuna anayempikia. Anakula ukoko wa ugali, vichwa vya samaki, na mengine yasiyosemeka mbele ya wageni.

Huyu hana kitabu cha ukoo, na kwa sababu hiyo mjini Musoma wanamwita mbwa koko, hali wakitafuta jamani shepadi wa kufungia getini. Lakini mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kuwa mbwa wengi wa Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili letu, wana asili ya Kiafrika isiyochanganyika sana, na kwamba tofauti zilizomo baina ya mbwa mmoja na mwingine ni nyingi kuliko za mbwa wa kizungu wenye vyeti. Wengine waliouzwa duniani kama mbwa wa kale wa Afrika, akiwemo yule wa Kusini mwenye mstari wa manyoya mgongoni, vinasaba vyao vilielekea Ulaya zaidi.

Huo utofauti ndio utajiri wenyewe. Katika kijiji kimoja yupo mbwa anayehimili kupe, yupo asiyefahamu kuharisha, yupo mwenye tumbo la kusaga dagaa kavu na miiba yake, yupo jike anayelea watoto sita wakati wa njaa. Hakuna mbwa mmoja mwenye yote. Yamo ndani ya kundi, na kila msimu wa kuzaa kundi linayachanganya upya. Ukimchagua Bobi mmoja mwenye umbo zuri ukamnakili mara mia, una Bobi mia na kinga ya Bobi mmoja. Ugonjwa utakaompata wa kwanza utawapata wote.

Mtu akisema haya ni maneno ya nadharia, nitampeleka Kongo. Mbwa wa kienyeji wa kule ndani, msituni, na wa kusini mwa Sudan wameshawahi kupitia jaribio hili la kuhifadhiwa kwa wachache, na lilidumu karibu miaka mia. Wazungu waliwaita basenji. Ni wadogo, wekundu, mkia kama pete, hawabweki kama mbwa wengine, na wawindaji wa msituni huwafunga njuga ya mti shingoni ili wasipotee katika majani.

Wa kwanza walifikishwa Uingereza mwaka 1895 na kuonyeshwa watu kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Walikufa upesi, kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alisafirisha sita kutoka Sudan. Safari hii wenye akili walisema wachanjwe distempa kwanza, ila chanjo yenyewe ilikuwa bado ya kujaribia, na wote sita wakafa. Mwaka 1936 Olivia Burn alipata wengine kutoka Kongo, wakaishi, wakazaa, na mwaka uliofuata Crufts ikafurika watu wa kuwatazama. Mwaka 1959 mfugaji mwingine wa Kiingereza, Veronica Tudor-Williams, alisafiri hadi kusini mwa Sudan akarudi na jike aliyempa jina Fula, ambaye damu yake leo imo karibu katika kila basenji wa vyeti. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Kitabu cha ukoo kilikuwa na majina yake, na mbwa mwingine yeyote wa Kongo, hata angekuwa ndugu wa tumbo moja na wale, hakuhesabiwa kuwa basenji.

Waliofungiwa ndani walikuwa wachache mno. Miaka ya 1970 ukazuka ugonjwa wa kurithi unaovunja chembe nyekundu za damu. Wafugaji wakapata kipimo, wakawaondoa katika uzazi mbwa wote walioubeba. Ulikuwa uamuzi wa watu makini, na ulilipunguza zaidi kundi ambalo tayari lilikuwa dogo. Waliobaki walikuwa wamebeba jingine: figo zinazovuja, ambazo huacha sukari na protini zikatoka na mkojo, mbwa akakonda huku anakula na kunywa maji kama mwenye kisukari. Ugonjwa huo hujitokeza ukubwani, mbwa akiwa ameshazaa mara kadhaa na kuwarithisha wanawe. Hadi watu wanashtuka, umeshasambaa katika koo nyingi.

Walifanya nini? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walifunga safari hadi Zaire, ndiyo Kongo ya wakati ule, wakaenda vijijini kaskazini mashariki, wakawaomba wenyeji mbwa. Chama cha mbwa cha Marekani kikakifungua tena kitabu mwaka 1990 ili hao wageni waingie. Kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa figo kilipatikana baadaye, na kinasaidia. Lakini damu mpya, ile iliyotafutwa kwa udi na uvumba, ilikutwa kwa watu wasio na vyeti wala majokofu. Kwa miaka yote wale wenye vyeti walipokuwa wakihifadhi, mwanakijiji wa msituni aliendelea kufuga tu, mbwa wake wakazaana na wa jirani, dhaifu wakafa, hodari wakabaki, na mwisho wa habari mwenye ghala alikuwa yeye.

Tuseme basi mfadhili anatokea, na nakala ya mbwa bora wa Suguti inaletwa nyumbani. Nakuomba msomaji umfuatilie mtoto huyo kwa mawazo. Ameachishwa kunyonya, kinga aliyopewa na maziwa ya mama mlezi inafifia. Anawekwa chini katika mji mmoja huku Majita. Siku hiyohiyo anakwenda kunusa mahali ambapo mbwa mwingine alikufa akiharisha damu mwezi uliopita. Kupe wanampanda kabla jua halijatua. Yule aliyenakiliwa alikuwa na miaka sita ya kukutana na mambo haya moja moja na kuyashinda, lakini kinga hiyo aliijenga mwili wake mwenyewe katika maisha yake mwenyewe. Haikuandikwa kwenye ngozi ya sikio. Alimjua ngedere kwa sababu mama yake alimtangulia shambani. Alijua kumkwepa mamba kwa sababu aliona ndugu yake hakurudi. Mtoto wa maabara ana sura ya baba lao na ujinga wa mgeni. Akifikisha mwaka, nitashangaa. Akifa, zitaombwa dola 50,000 nyingine, wakati chanjo ya distempa ambayo ingemwokoa yeye na mbwa wote wa mtaa huo ipo tangu kabla ya Uhuru.

Nisionekane naipinga sayansi yote kwa pamoja. Ipo mahali kunakili kumefanya kazi ya heshima, na kisa chenyewe kinafundisha kuliko ninavyoweza mimi. Marekani kuna mnyama wa jamii ya kicheche, mwenye miguu myeusi, aliyedhaniwa ameisha kabisa. Mwaka 1981 mbwa wa shamba moja huko Meeteetse, Wyoming, aliyeitwa Shep, alimletea bwana wake mzoga wa mnyama asiyemjua. Kumbe kundi moja lilikuwa hai. Mwaka 1985 distempa ikaingia katika kundi hilo, distempa ileile, na ilibidi waliobaki wakamatwe wote: 18 tu kufikia mwaka 1987, na kati yao saba ndio walioacha uzao. Maelfu waliozaliwa tangu hapo ni wajukuu wa hao saba. Mmoja wa waliokufa bila kuacha uzao unaoendelea, jike aliyeitwa Willa, alikuwa amehifadhiwa seli zake mwaka 1988. Desemba 10, 2020 ikazaliwa nakala yake, Elizabeth Ann. Yeye hakujaliwa kuzaa, lakini nakala nyingine ya Willa, Antonia, alizaa mwaka 2024.

Angalia mpangilio wake. Kundi hai lilikuwapo tayari, limetunzwa miaka zaidi ya 30. Wanyama wanachanjwa. Mahali pa kuwaachia palitafutwa. Nakala ikaja mwishoni, kuongeza kile kilichokosekana. Ukianza na nakala, yanakupata ya Hispania. Mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees walibaki mmoja, jike, jina lake Celia. Seli zake zilichukuliwa mwaka 1999. Januari 2000 mti ulimwangukia akafa. Julai 2003 nakala yake ilizaliwa, ikahangaika kupumua kwa dakika chache, mapafu yana kasoro, ikafa. Na hata ingeishi, ingekuwa jike mwingine wa peke yake, asiye na dume duniani. Wakenya wanaiishi habari inayofanana na hiyo pale Ol Pejeta: faru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Sudan alikufa Machi 19, 2018, wakabaki Najin na binti yake Fatu, na viinitete vya jamii yao vinangoja katika matangi ya baridi huko Ulaya. Nawaombea wafanikiwe. Lakini hakuna anayefanya kazi hiyo ambaye hangependa kurudi miaka ya 1970, wakati faru hao bado walikuwa mamia, akawalinda na bunduki za majangili.

Sisi na mbwa wetu bado tuko katika hiyo miaka ya 1970 ya faru. Wapo. Wanazaana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa wenyewe unajulikana ulipo.

Nenda siku ya chanjo ukauone. Tangazo limepita jana kwa kipaza sauti, watu wakusanyike shule ya msingi. Saa mbili asubuhi wameshafika watoto, si wazee. Mtoto wa miaka tisa anamvuta mbwa mwenye uzito kama wake kwa kamba ya katani iliyofungwa fundo la mbuzi, na mbwa amekaza miguu yote minne mchangani. Mwingine amembeba wake mabegani. Mbwa ambao hawajawahi kufungwa kamba maishani wanapiga kelele kana kwamba wanachinjwa, wawili wamechomoka, mmoja amerudi nyumbani na kamba yake. Ofisa mifugo anambana mbwa kati ya magoti, mkono mmoja unashika ngozi ya shingo, mwingine unadunga. Sekunde mbili. Anaandika kadi: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi. Kwa jina la mbwa mtoto anasita, kisha anatunga palepale. Saa sita kimya. Waliokuja wamekuja. Mbwa wa bibi asiye na mjukuu wa kumvuta hakuja. Mbwa wa wavuvi waliolala ziwani hakuja. Watoto wa mbwa wa miezi miwili wameachwa nyumbani kwa sababu wenye nao wanaamini bado wadogo, wakati chanjo ya kichaa inawafaa na wao.

Ufa ni hao ambao hawakuja. Ili kichaa cha mbwa kikose pa kupita, wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na mbwa wa vijijini wanazaa na kufa haraka kiasi kwamba ukichanja mara moja kwa mwaka na kuondoka, kabla mwaka haujaisha kinga ya kijiji imeshashuka. Mkoa wa Mara wenyewe ndiko lilikojaribiwa jawabu ambalo kwangu linazidi jokofu la seli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa inabaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25, au mitatu kwenye nyuzi 30. Ahmed Lugelo na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara wakatengeneza kifaa cha kuihifadhia vijijini pasipo umeme: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaotiwa maji, na maji yanapokauka yanachukua joto. Vyungu vinafinyangwa hapahapa nchini. Chanjo inakaa kwenye kata, si wilayani, na mtu wa kijijini anachanja mwaka mzima, mbwa kwa mbwa, hadi yule wa bibi.

Dola 50,000 za nakala moja, tuseme kila mbwa anagharimu dola 5 kufikiwa, zinachanja mbwa 10,000.  Na faida yake haiishii kwa mbwa: Tanzania inakadiriwa kupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao watoto, walewale wanaovuta kamba za katani.

Mwenye kutaka kugandisha seli za mbwa wa Suguti agandishe, ghala halimuozei mtu. Ila wewe uliye na mbwa mmoja au wanne uani, usingoje tangazo. Muulize ofisa mifugo wa kata yako chanjo ya kichaa iko wapi, na kama distempa inaweza kuagizwa. Peleka na watoto wa mbwa. Mpe kamba mjukuu wa jirani akusaidie yule mkali. Jike hodari anayelea watoto wake vizuri usimtupe kwa sababu tu hana umbo la jamani shepadi. Na mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo akapewe sindano, kwa kuwa dalili za kichaa zikishaanza hakuna dawa.